Sahihisho Husomwa Mara Mbili

Mkufunzi alikuwa akianika betri juani kama mimi ninavyoanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu. Nyuma ya jiko langu kulikuwa na bati kuukuu, na kila asubuhi alizipanga pale betri za tochi zilizochoka, moja moja, kisha adhuhuri akaja kuzigeuza ili na ubavu wa pili upate joto. Kuku wangu akipita juu yake, Mkufunzi hakumrushia kitu. Alimwambia, "Wewe, tafadhali." Kuku! Nikamwambia, "Mwalimu, huyu haelewi tafadhali, huyu anaelewa jiwe." Akanijibu, "Basi hatujamwambia vya kutosha."

Mimi nilikuwa mpishi mkuu wa chuo cha ualimu, nje kidogo ya Shinyanga mjini, miaka ya tisini. Yeye alikuwa mkufunzi pale, na juu ya kazi yake ya kufundisha alijitwika redio ya wanachuo. Nasema redio kwa sababu ndivyo tulivyoiita. Ilikuwa kikuza sauti kimoja, kipaza sauti kimoja, betri ya gari, na mabaragumu mawili ya chuma juu ya paa la bwalo. Moja lilitazama mabweni. La pili lilitazama ng'ambo ya barabara, kwenye mnada wa ng'ombe, na siku ya mnada lilisikiwa na watu wa vijiji vyote vya karibu.

Ninaandika kwa sababu ya mjukuu wangu. Yuko chuo kikuu, na kule ndiye mkubwa wa redio ya wanafunzi, redio ya kweli, yenye vioo na viti vinavyozunguka. Juzi alinipigia simu: "Bibi, nimekutaja hewani! Nimesema bibi yangu alikuwa mtangazaji hata mimi sijazaliwa. Wenzangu wanataka habari za yule mkufunzi aliyekufundisha." Nilifurahi nikapiga vigelegele peke yangu, jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Halafu nikakaa kitandani, furaha ikanitoka kama maji kwenye chungu chenye ufa. Hakuna njia ya kumweleza Mkufunzi isiyopita juu ya aibu yangu. Kwa hiyo, mjukuu wangu, ukianza kusoma hii, usiishie katikati palipo patamu.

Alikozaliwa sikujua, na sikuuliza. Msukuma hakuwa. Kisukuma alikipenda kama mtu anavyopenda chakula kinachomuumiza tumbo. Alijua salamu moja tu, Ng'wangaluka, ambayo ni ya asubuhi, naye aliitoa asubuhi, jioni, na msibani. Wazee wa mnadani walimzoea. Wakimwona saa kumi na mbili jua linazama, wao ndio walioanza, "Ng'wangaluka, mwalimu, umeamka?" Wanacheka mpaka wanashika fimbo zao. Yeye anajibu kwa heshima, anadhani amesalimiwa vizuri.

Ya redio yalikuwa na sheria zake, na sheria ya kwanza ilianzia jikoni kwangu. Mwanachuo hakuruhusiwa kusoma habari kwenye kipaza sauti mpaka azisome kwanza kwangu, nikiwa nakoroga ugali. Mkufunzi alisimama mlangoni akitazama mwiko. Mwiko ukiendelea kuzunguka, alimwambia mwanachuo, "Rudi ukaandike upya, Mama Kulwa hajaelewa." Mwiko ukisimama, alisema, "Imekubaliwa." Mwanzoni nilidhani ananidhihaki, mimi wa darasa la pili na kisomo cha watu wazima. Nikamuuliza waziwazi. Akasema, "Mama Kulwa, wale walimu wenzangu wanaelewa hata kisichoeleweka. Hawanifai."

Basi nikawa mtu. Wanachuo watu wazima, wengine wana ndevu, wakawa wananiandama na karatasi, "Mama, shikamoo, naomba usimamishe mwiko kidogo tu." Nami nilikuwa mkali. Niliunguza ugali mara mbili kwa ajili ya habari nzuri, na mara nyingi zaidi niliendelea kukoroga makusudi, mtu akiwa amenijibu vibaya siku hiyo.

Baadaye akanipandisha mwenyewe. Jumamosi, siku ya mnada, nikapewa kipindi changu kwa Kisukuma: habari za mapishi, hadithi kidogo, na matangazo ya watu. Ng'ombe kapotea, mgeni anamtafuta ndugu, msiba uko kwa nani. Mkuu wa chuo aliuliza kwa nini chuo cha serikali kinasema kilugha. Mkufunzi akamjibu bila kupepesa, "Hii si redio, mkuu. Ni kengele ya chakula iliyokua." Mtu ambaye hakuruhusu mwanachuo aseme mvua imenyesha "sana" kama haikupimwa! Nilimsuta. Akasema, "Sikudanganya. Ilianza kama kengele." Na kweli ilianza hivyo. Alikuwa mwaminifu kwa namna inayochosha.

Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa mjini ndiye aliyetuchajia betri ya gari, kwa hisani. Siku moja akaomba, "Mwalimu, sema basi kidogo, duka langu zuri." Jumamosi ile Mkufunzi akanipa karatasi nisome: "Duka la vitambaa lipo barabara ya sokoni. Vitambaa vipo." Mhindi alipolalamika, Mkufunzi akasema, "Nimesema nilichokiona." Yule mzee alicheka akatikisa kichwa, akaendelea kutuchajia. Watu walimsamehe Mkufunzi vitu ambavyo mimi nisingesamehewa.

Nyumbani kwake hakuwa msemaji. Mke wake alikuwa akija jikoni kuomba makaa, akaniambia, "Mama Kulwa, mnapata wapi maneno ya huyu mwanaume? Ndani ya nyumba hana umeme." Lakini mke huyo huyo, Mkufunzi alipokuwa akisoma taarifa saa kumi na moja, alitoa kigoda nje akakaa akisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kama mchumba.

Sasa nieleze Daftari la Makosa. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, jalada la buluu, limetobolewa pembeni, limefungwa kamba na kuning'inizwa kwenye msumari karibu na kipaza sauti. Ndani lilichorwa mistari mitatu: kosa, sahihi, jina la aliyekosea. Mtu akikosea hewani, siku hiyo hiyo alijiandika kwa mkono wake, kisha akalisoma sahihisho mwenyewe, kwa sauti yake, jina lake likiwamo. Na alilisoma mara mbili, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. "Aliyesikia kosa akala nalo," alisema Mkufunzi, "huenda sahihisho likapita akiwa shambani. Lirudie. Kosa husikika mara moja likatosha. Ukweli hautoshi mara moja."

Aliyejaza kurasa nyingi alikuwa yeye. "Nilisema mpira ni saa tisa. Ni saa kumi." "Nilisema asanteni kwa ukimya. Hakukuwa na ukimya." Wanachuo walikuja kumsikiliza anavyojiumbua, na ndivyo walivyopata ujasiri wa kujiumbua wao. Jina langu halikuwamo hata mara moja. Nilijivunia hilo. Mnadani wanawake waliniita "Sauti." Wakiniona na kikapu, "Sauti imekuja, mpisheni!" Nilinunua dagaa kwa bei ya chini kwa sababu ya Sauti. Nilitembea kifua mbele kama jogoo aliyekanyaga makaa akajifanya anacheza.

Tangazo la kifo lilikuwa na sheria yake peke yake. Liletwe na ndugu wa marehemu, wawili, siyo mmoja, na Mkufunzi awaulize, "Nani aliyemwona?" Wakisema tumesikia, anawarudisha. Watu walimkasirikia. Sheria hii ndiyo niliyoivunja.

Ilikuwa Jumamosi. Mkufunzi alikuwa amekwenda mjini kufuata betri. Niko mnadani kabla ya kipindi changu, muuza samaki aliyetoka upande wa Geita akanishika mkono. "Mayu, mama yangu, duara, shimo la dhahabu, limeanguka kule machimboni, limefukia mtu. Zamu ilikuwa ya yule kijana wa Mama Shija." Mama Shija namjua, nyumba yake iko nyuma ya kisima. Kijana wake namjua, kala ugali wangu akiwa kibarua wa kufyeka pale chuoni. Machozi yakanitoka, ya kweli kabisa, siwezi kudanganya. Lakini chini ya machozi kulikuwa na kitu kingine, nacho nitakisema: nilifurahi kuwa wa kwanza.

Nikapanda bwaloni. Mwanachuo wa zamu, binti wa kutoka Geita, akaniuliza, "Mama, karatasi iko wapi? Mkufunzi ameona?" Nikamwambia, "Mimi nimeona. Washa." Akawasha. Nikatangaza. Nilitangaza vizuri, mjukuu wangu, hilo ndilo linaloniuma. Nilitaja jina la kijana, na la ukoo, na mama yake, na duara, na udongo. Mnada mzima ulinyamaza. Hata mbuzi, nilidhani.

Mama Shija alikuwa pale mnadani anauza karanga. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alisikia kutoka kwangu, kutoka juu ya paa, pamoja na watu wote. Alianguka palepale juu ya kigingi cha kufungia ng'ombe, nyonga ikavunjika.

Walilia bila maiti, ikisemwa udongo wa duara ndio kaburi lake, wakanyoa vichwa, wakachinja. Siku ya kumi kijana akaja kwa miguu, kapu begani, anapiga mluzi. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, akaenda Katoro kunywa. Ni kawaida yao wachimbaji, leo shuka wewe, kesho nitashuka mimi. Alipoingia uani shangazi yake alimrushia jivu akidhani ni mzimu. Na mama yake, kitandani, alimshika uso akawa anauliza, "Basi kwa nini walisema?" Yule mwenzake aliyefukiwa kwa zamu isiyo yake, sijui kwao wapi, wala nani alimtangaza.

Wanaume wa ukoo wakaja chuoni na fimbo. Mkuu wa chuo akatuita ofisini: Mkufunzi, mimi, na binti wa zamu. Ukoo umesimama mlangoni.

"Nani aliruhusu?" akauliza mkuu.

Mkufunzi akanigeukia taratibu, kama anavyomgeukia mwanachuo aliyekosea, bila ukali, anasubiri tu. Alijua nitasema. Alikuwa hajawahi kukutana na mtu wa redio yake asiyesema.

Nikasema, "Mimi ni mpishi, mkuu. Darasa la pili. Najua nini mimi? Nasoma ninachopewa. Karatasi aliniachia Mkufunzi asubuhi."

Mimi huyo! Mimi niliyewarudisha wenye vyeti kwa sababu sentensi zao hazijanyooka. Mtu yeyote angeniita mjinga barabarani ningemvua kilemba. Siku ile nilijiita mjinga mwenyewe, nikajifunika ujinga kama khanga.

Binti wa zamu alinitazama. Alijua hakukuwa na karatasi. Lakini mimi ndiye niliyempakulia chakula mchana na usiku, na bado alikuwa na mwaka mzima mbele yake. Akainamisha kichwa.

"Ni kweli?" mkuu akamuuliza Mkufunzi.

Alikuwa na kalamu ya risasi nyuma ya sikio, akaitoa, akaitazama, akairudisha. "Redio ni yangu," akasema. "Kinachotoka humo ni changu."

Hakusema ndiyo. Hata siku ile hakudanganya. Lakini mkuu hakutaka zaidi, wala ukoo. Mabaragumu yakashushwa siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi na moja, kwa hiyo sahihisho halikusomwa hata mara moja. Mwezi haukuisha Mkufunzi akapewa barua ya kuhamishwa shule ya mbali huko porini, na mwaka uliofuata tukasikia ameacha kazi. Siku anaondoka alikuja jikoni kuchukua bati lake. Nikajifanya nachungulia maharage. Akasema, "Mama Kulwa, Ng'wangaluka." Ilikuwa saa tisa alasiri. Sikumjibu.

Wanawake wa mnadani waliacha kuniita Sauti. Hawakunisema vibaya, waliamini nilipewa karatasi. Walinihurumia. "Maskini, alisomeshwa uongo na msomi." Nilikula huruma ile miaka minne. Mama Shija alitembea kwa fimbo mbili mpaka alipokufa, na safari hiyo, kifo kilipokuwa cha kweli, hapakuwa na baragumu la kumtangaza. Nilikwenda mazikoni. Nilipika. Sikusema.

Binti yangu Kulwa aliolewa Katoro. Nikaenda kumwona alipojifungua, na asubuhi ya siku ya kurudi nyumbani akanipeleka sokoni kununua vitenge. Katoro, kwa anayeijua, ina kelele za kutosha kijiji na kitongoji, watu wa dhahabu wananunua kama kesho haipo. Katikati ya kelele ile nikasikia baragumu. Sauti inasema, taratibu, bila kupamba: "Mchimbaji aliyetoka Bugarama mwezi uliopita, mama yako ni mzima. Anakusalimu. Anauliza kama wewe pia ni mzima. Njoo hapa ujibu."

Nikaweka kitenge chini, nikasimama njiani. Kulwa akasema, "Mama, vipi, jua?" Nikamwambia tangulia.

Kilikuwa kibanda cha fundi redio. Nje, kwenye bati, betri zimepangwa juani. Yeye ndani, amezeeka upande mmoja kuliko mwingine, anachomelea waya. Aliponiona hakushtuka. Alisimama, akafuta kigoda kwa kiganja, akawageukia wateja wawili waliokuwa wakisubiri redio zao.

"Huyu ni Mama Kulwa," akawaambia. "Alikuwa akizikagua habari zetu zote. Mwiko wake ulikuwa mkali kuliko mkaguzi wa wizara."

"Shikamoo, Mama," wakasema. Ningependa ardhi ipasuke.

Wateja walipoondoka nikaanza, "Mwalimu, mimi..." Akainua mkono, akanionyesha ukutani. Kwenye msumari, kwa kamba ileile, jalada la buluu limefifia kama khanga ya kazi.

Nililishusha. Nilitafuta ukurasa wa mwisho. Mwandiko wake. Kwenye mstari wa kosa: *Imetangazwa kwamba kijana wa Mama Shija amefukiwa na duara, amekufa.* Kwenye sahihi: *Yu hai. Haikuhakikishwa.* Kwenye jina la aliyekosea, hapana kitu. Peupe.

"Mbona hukujiandika?" nikamuuliza. "Kule ofisini ulisema ni lako."

"Lilikuwa langu ofisini. Humu hatuandikiani."

"Na langu mbona hukuliandika?"

"Kila mtu hujiandika kwa mkono wake, Mama Kulwa. Wewe unajua."

Akatoa ile kalamu nyuma ya sikio, akaiweka mezani, akanipa mgongo akaendelea kuchomelea, ili asinione. Nilichukua muda mrefu. Niliandika kwa herufi kubwa, MAMA KULWA, halafu nikaona hiyo ni ya kujificha, mama Kulwa ni wengi, nikaongeza jina langu la ubatizo na la baba yangu. Chini yake nikaandika: *Sikupewa karatasi.*

Nikadhani nimemaliza.

"Na kusoma?" akasema bila kugeuka.

"Mwalimu, huku hawajui habari yenyewe. Mama mwenyewe keshakufa."

"Najua. Nilisikia." Moshi wa risasi ya kuchomelea ulipanda mbele ya uso wake. "Ungelisoma kule, angelisikia. Sasa lisome penye baragumu."

Akanisogezea kipaza sauti, akakigonga kwa ukucha. Nikasoma. Kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma. Jina langu, jina la kijana, kwamba yu hai, kwamba nilisikia sokoni nikasema, kwamba mkufunzi hakunipa karatasi na mimi nilisema alinipa. Sauti yangu ikarudi kutoka mabati ya ng'ambo, ya kizee, inakwaruza, sikuijua.

Soko halikunyamaza. Mbele ya kibanda mama mmoja anayeuza dagaa aliinua kichwa. "Mayu, tangazo hilo la lini?"

"La miaka minne."

"Miaka minne! Basi mtu mwenyewe huenda keshakufa tena!" Wenzake wakacheka, wakapiga makofi, akarudi kupima dagaa zake.

Nikakirudisha kipaza sauti mezani. Nilitaka kutoka mbio. Gari la Shinyanga lilikuwa likiondoka saa nane, Kulwa ananisubiri na mizigo, na nilikuwa nimelisema, hatimaye nilikuwa nimelisema. Nikainuka. Mkufunzi alikuwa ameshatoka nje kwenye bati lake, ameinama, anazigeuza betri moja moja ubavu wa pili.

"Marudio ni saa kumi na moja, Mama Kulwa," akasema.

Gari likaondoka. Nikasikia honi yake. Nilivuta kigoda nikakiweka mlangoni, penye kivuli kidogo, nikakaa na daftari mapajani.